Ukubwa wa sampuli: 385 haitoki hewani

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa uzamili ambaye sura yake ya tatu ilikuwa imerudishwa na msimamizi mara mbili. Alikuwa ameandika: "Sampuli ya watu 300 ilipatikana kwa njia nasibu." Nikamuuliza, nasibu vipi? Akasema alisimama mlangoni asubuhi, akagawa hojaji kwa kila aliyepita mpaka zikaisha. Na hiyo 300? Aliikuta kwenye tasnifu ya mwenzake. Tulifuta yote tukaanza upya, na hizi ndizo hatua tulizofuata.

Hatua ya 1: Unamtafiti nani?

Andika sentensi moja: nani, wapi, kipindi gani. "Wauguzi" haitoshi. "Wauguzi wote wenye ajira ya kudumu katika hospitali hizi nne, kufikia siku ya kwanza ya ukusanyaji wa data" inatosha. Sentensi ikikushinda, usiguse kikokotoo.

Hatua ya 2: Ipate orodha

Sampuli huchotwa kwenye orodha, haichotwi kwenye watu. Aliyekosekana kwenye orodha hana nafasi hata chembe, na aliyeandikwa mara mbili ana nafasi maradufu. Kwa hiyo ondoa marudio, ondoa waliohama, ongeza wapya.

Ukidhani wingi utafunika kasoro ya orodha, kumbuka jarida la Literary Digest la Marekani. Mwaka 1936 lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa katika uchaguzi wa urais Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na rejista za magari, enzi ambazo simu na gari vilikuwa vya wenye nacho. Tena waliojibu hawakufanana na walionyamaza.

Hatua ya 3: Chagua mbinu

Wengi wetu tunasoma "nasibu" tukaelewa "ovyo". Fikiria bahati nasibu: kila tiketi imo ndani ya pipa, na nafasi yake ya kutoka inajulikana kabla mkono haujaingia. Pale mlangoni, aliyechelewa, aliye likizo na anayepitia mlango wa nyuma hawakuwamo kwenye pipa. Hiyo ni sampuli ya urahisi. Si dhambi kuitumia, ila itaje kwa jina lake.

Kama orodha ni safi na watu hawajatawanyika, chukua nasibu sahili, yaani kila jina lina nafasi sawa ya kuchotwa. Kama unataka kulinganisha makundi na mojawapo ni dogo, gawa kwa matabaka kwanza, yaani chota ndani ya kila kundi peke yake. Sampuli ya kimfumo, yaani kuchukua kila mtu wa 4 au wa 5, ni nzuri mradi orodha haina mdundo wake: kama kila chumba kina watu wanne na wa kwanza kuandikwa ni kiongozi wa chumba, kila wa 4 atakupa viongozi watupu au usipate hata mmoja. Sampuli ya kimakusudi, ambapo wewe mwenyewe unateua watu, ni halali kabisa kwa mahojiano ya kina, lakini tafadhali usiibebeshe fomula ya hatua inayofuata. Fomula hiyo inadhani uchaguzi ulikuwa nasibu.

Hatua ya 4: Hesabu

Fomula ya Cochran ya kukadiria asilimia: n = z² × p × (1 − p) ÷ e². Hapa n ni ukubwa wa sampuli, p ni sehemu ya watu wenye sifa unayoipima, e ni kosa unaloruhusu, na z hutokana na kiwango cha uhakika unachotaka. Kwa uhakika wa 95%, z ni 1.96. Usipojua p weka 0.5, kwa sababu ndiyo inayodai sampuli kubwa zaidi. Kwa kosa la 5% unapata 384.16, nawe unapandisha kuwa 385. Hapa daima tunapandisha, hata desimali ikiwa ndogo.

Ukitaka kosa la 2.5% inakuwa 1,537. Kulipunguza kosa nusu kunadai sampuli mara nne, kwa hiyo kabla hujajigamba na 2.5% tazama mfuko wako.

Kundi likiwa dogo, rekebisha: gawa 384.16 kwa 1 + (383.16 ÷ N), N ikiwa idadi ya watu wote kwenye orodha. Kwa watu 1,200 inatoka 291.2, yaani 292. Fomula ya Yamane, N ÷ (1 + N × e²), inatoa 300 kwa watu haohao, na ndiyo inayopendwa kwenye tasnifu kwa kuwa ni fupi. Mimi siipendi. Imeshaamua p ni 0.5 na z ni 2 bila kukuambia, nawe ukiulizwa na mtahini huna la kujibu.

Hatua ya 5: Kama unachota kwa klasta (makundi kama shule), rudi nyuma

Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili za maisha yangu, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa na utafiti wa wanafunzi. Orodha ya wanafunzi wote haikuwepo, ya shule ilikuwepo. Nikakokotoa 385, nikachagua shule 11 kwa nasibu, wanafunzi 35 kila shule. 11 × 35 ni 385 kamili, nikafurahi. Data ilipokuja, mtakwimu mmoja aliniuliza swali moja tu: "Shule ngapi?"

Wanafunzi wa shule moja wanafanana: mwalimu yuleyule, vitabu vilevile. Mwanafunzi wa 35 wa shule hiyo hakuambii mengi mapya baada ya wale 34. Kiasi cha kufanana huko huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ρ, na athari ya usanifu, yaani sampuli inapaswa kukua mara ngapi kwa sababu hiyo, ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya watu kwa kila klasta. Kwangu ρ ilikuwa karibu 0.1. Basi 1 + 34 × 0.1 ni 4.4. Gawa 385 kwa 4.4: wanafunzi wangu 385 walikuwa na uzito wa kama 88. Kosa langu la 5% lilikuwa zaidi ya 10%.

Ningechukua shule 35, wanafunzi 11 kila moja, jumla ni ileile 385, lakini athari ingekuwa 2 na uzito kama 192. Ongeza klasta kabla ya kuongeza watu ndani ya klasta. Nauli itapanda, najua. Ili kufikia 5% kweli: 385 × 2 = 770, shule 70.

ρ utaitoa kwenye tafiti za awali za mada yako, na haifanani kwa kila swali. Umri unaweza kuwa na ρ ndogo, alama za mtihani kubwa. Tumia ya swali lako kuu. Usiazime pia mpango maarufu wa Shirika la Afya Duniani wa klasta 30 za watoto 7 ukadhani unakupa 5%. Huo ulisanifiwa kukadiria kiwango cha chanjo kwa kosa la 10%.

Jambo la mwisho: wakati wa kuchambua, iambie programu kuwa kuna klasta. Mimi natumia R, programu ya takwimu, na kifurushi chake cha survey. Usipoiambia, itachukulia kila mtu amechotwa peke yake, na itakupa majibu yanayoonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Hatua ya 6: Wasiojibu

Ukitarajia 80% wajibu, gawa kwa 0.8. Usizidishe kwa 1.2. 292 inakuwa 365. Kwa kuzidisha ungepata 351, na waliojibu wangebaki 281.

Hatua ya 7: Chota

Kwenye Excel, weka RAND (fomula ya namba nasibu) pembeni ya kila jina, kisha nakili safu hiyo uibandike kama thamani ndipo upange kwa namba hizo na kuchukua majina ya juu. Usipofanya hivyo namba hubadilika kila unapogusa seli, na kesho huwezi kuonyesha sampuli yako ilitokaje. Kwenye R, set.seed kwanza (ili uchotaji uweze kurudiwa vilevile) halafu sample. Hifadhi faili.

Mwanafunzi wangu sasa ameandika hivi: "Kutoka orodha ya watu 1,200, watu 365 walichaguliwa kwa nasibu sahili kwa kutumia R, 298 walijibu." Msimamizi amerudisha tena, safari hii kwa ajili ya nukta na mkato.