Una PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) yako nzuri? Kabla hujajaza chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipoi. "Shangazi, nijaze chuo gani?" Ni wasichana wanaotaka uhandisi, na wanajua nilisoma uhandisi umeme.

Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, upo mtandaoni, bure: sifa za kujiunga, idadi ya nafasi, miaka ya kozi. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Mengine lazima uyafuate kwa miguu.

Nenda chuoni siku ya kawaida, siyo siku ya maonyesho. Fika saa kumi jioni, ukae mpaka saa mbili usiku. Maabara inafungwa saa ngapi? Njia ya kutoka maktaba ina taa? Hosteli ikiwa mbali, kama Mabibo ilivyo na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizia usafiri wa usiku. Tafuta na choo cha wanawake karibu na karakana. Chetu kilikuwa jengo jingine, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi kaenda kula.

Kisha ongea na wasichana wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado ana raha ya bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Mlianza wangapi, mmebaki wangapi? Waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, waliangushwa na somo gani? Halafu swali langu kubwa: kwenye vitendo, nani anashika mashine? Mimi kwenye kundi la watu sita nilikuwa msichana peke yangu, na miaka yote minne nikaandika ripoti, eti nina mwandiko mzuri. Nikaingia kazini sijawahi kufunga mota hata moja. Aliyenifundisha ni fundi wa darasa la saba, kwa wiki mbili, na hakunicheka sana. Mwalimu anayejua kazi yake huzungusha majukumu: wiki hii unaandika, wiki ijayo unashika nyaya.

Usiulize kama dawati la jinsia lipo, maana wote watasema lipo. Uliza liko chumba gani. Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25; uliza mwanafunzi akiombwa anaripoti kwa nani. Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, omba mapema. Ufaulu wako ukiwa wa juu kabisa, ulizia Samia Scholarship, iliyoanza 2022 kwa wanaosoma sayansi.

Ukichaguliwa vyuo viwili, utathibitisha kimoja tu, na namba ya siri ya kuthibitishia huja kwenye simu. Wiki hiyo usibadilishe laini.