Kabla hujaandika "saa 24" kwenye kopo la losheni, ijaribu hivi

Natengeneza losheni ya mafuta ya nazi na mwani hapa Tanga, na wenzangu wa kazi hii hunitumia picha za lebo zao niwape maoni. Nikikuta "inalainisha ngozi saa 24" huwa nauliza: kwenye ngozi ya nani, na umeilinganisha na nini? Wengi hunijibu kwamba wateja wanaipenda. Sawa, lakini wateja wanapenda pia harufu na kopo zuri. Kwa dai la kulainisha, ushahidi unaweza kuupata bila maabara.

Anza na karatasi. Andika dai lako, kisha lichambue neno moja moja. "Inapunguza kupauka kwa saa 24" lina mambo mawili: kupauka kupungue, na hali hiyo idumu mpaka kesho yake saa ileile. "Inatibu ukurutu" lifute. Ukishasema unatibu umeingia kwenye dawa, na huko ni kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vipodozi tangu 2019 vipo chini ya TBS, shirika la viwango. "Haina kemikali" nalo lifute, maji yenyewe ni kemikali. Ukiwa na ndoto ya kuuza Ulaya, kanuni yao namba 655 ya 2013 inataka dai liwe la kweli, liwe na ushahidi, na lisimchafue mwenzako anayetumia viambato halali.

Tafuta watu wazima 20 ambao ngozi zao hupauka kweli. Mjamzito, mtoto, mwenye kidonda au ugonjwa wa ngozi, hapana. Waeleze kilichomo, wasaini, wajue wanaweza kujitoa wakati wowote. Shangazi zako waache nyumbani. Shangazi atasema nzuri hata ukimpaka maji ya bomba. Mimi huwatafuta kwenye vikoba ambavyo sina undugu navyo, na nawarudishia nauli.

Kabla ya yote, paka kidogo ndani ya kiwiko, funika kwa plasta, acha saa 48. Kwenye ngozi nyeusi usikae kusubiri wekundu, mara nyingi hutauona. Gusa kama pana joto au pamevimba, angalia kama pamekuwa peusi zaidi, uliza kama panawasha. Akijibu ndiyo kwa lolote, huyo mshukuru na umwondoe.

Sasa jaribio lenyewe. Sehemu ninayoipenda ni muundi wa mguu, kwa sababu hupauka haraka na unafichika. Siku tatu kabla, mtu hapaki chochote kuanzia gotini kushuka, na wote wanaogea sabuni ya aina moja. Jaribu kumwambia mwanamke wa Tanga atoke siku tatu na mikono iliyopauka uone atakavyokutazama. Muundi unafunikwa na dera.

Chora kwa kalamu ya wanja miraba mitatu ya sentimita 5 kwa 5. Mmoja unapaka losheni yako, mmoja mafuta ya mgando, mmoja hupaki kitu. Huo mtupu ndio unaokuambia kama ngozi imebadilika kwa losheni au kwa hali ya hewa. Mafuta ya mgando ni mpinzani mgumu, yanazuia maji ya ngozi yasipotee kuliko krimu nyingi za bei, kwa hiyo ukitoka naye sare usione aibu. Nafasi za miraba zibadilishe mtu kwa mtu, maana karibu na kifundo ngozi huwa kavu zaidi.

Kipimo cha kupaka kinachotumika sana maabara ni miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Mraba wako una sentimita za mraba 25, basi ni miligramu 50. Nunua bomba la sindano la insulini lenye alama 100, toa sindano, vuta mpaka alama ya 5: hiyo ni karibu miligramu 50. Utashangaa ilivyo ndogo. Kila mraba upe herufi, na anayepaka aandike kwenye daftari herufi ipi ni ya kitu gani. Anayetoa alama asijue herufi ipi ni ipi, na wewe mwenye losheni usitoe alama kabisa.

Alama zitolewe kabla ya kupaka, baada ya saa 1, baada ya 8 na baada ya 24. Kila mara mtu akae kwanza nusu saa, feni imezimwa, bila chai ya moto. Mimi natumia 0 mpaka 4: 0 ngozi imetulia, 2 imepauka wazi, 4 ina magamba. Kisha pitisha ukucha taratibu pembeni ya mraba, uone kama unaacha mstari mweupe. Bandika selotepu, ibandue, iweke kwenye karatasi nyeusi: magamba yataonekana, na karatasi hiyo unaihifadhi. Picha nazo piga dirisha lilelile, umbali uleule, bila flashi, ukiweka kipande cha karatasi nyeupe ndani ya picha, kwa sababu simu za siku hizi hurekebisha mwanga bila kukuuliza.

Usikimbilie wastani. Hesabu mtu mmoja mmoja: kwa wangapi mraba wa losheni umeushinda mtupu? Kati ya 20, usishangilie kabla hujafika 15. Sarafu ukiirusha mara 20, kupata vichwa 15 au zaidi hutokea kama mara 2 katika 100, ila vichwa 12 ni jambo la kila siku. Ukipata 17 baada ya saa 8 na 11 baada ya saa 24, dai lako ni saa 8. Lebo ifuate daftari.

Jambo moja wanalolisahau watu wa pwani: hewa ya huku ina unyevu, inaibeba losheni. Rudia zoezi Dodoma mwezi wa saba, kwenye upepo mkavu. Losheni nyingi za Tanga hufia kule.

Kinga ya jua usiipime hivi, wala usiandike namba ya SPF (kiwango cha kinga hiyo) kwa kukisia. Kipimo chake, ISO 24444, kinahitaji taa maalumu ya kuiga jua na watu wasiopungua 10 chini ya wataalamu. Mafuta ya karoti na ya nazi yanayosifiwa mitandaoni hayatoshi. Ndugu zetu wenye ualbino wanaugua saratani ya ngozi kwa jua hili, na Kilisun, losheni ya kinga ya jua iliyoanzia hospitali ya KCMC Moshi, ilitengenezwa kwa ajili yao. Kumuuzia mtu huyo kopo lenye namba ya kubuni ni kumdhuru.

Mwisho, faili. Weka fomu zilizosainiwa, daftari la herufi, selotepu, picha, tarehe, na namba ya mchanganyiko uliojaribiwa. Ukibadilisha kiambato, hata kutoka nazi iliyokamuliwa bila moto kwenda ya kuchemsha, faili hilo halikusemei tena. Tafuta watu wengine 20.