Jinsi ya kuisoma stori ya Malkia Margrete wa Denmark bila kupotea njiani

Kwanza hakikisha unamsoma yule unayemtaka. Ukitafuta Malkia wa Denmark kwenye intaneti utaletewa mama wa juzi juzi tu, yule aliyemwachia mwanae Frederik kiti Januari 2024, na huyo ni Margrethe wa pili. Wa kwanza alizaliwa 1353 akafa 1412, na ndiye aliyezikusanya Denmark, Norway na Sweden zikawa chini ya mkono mmoja. Kichekesho ni kwamba huyo wa kwanza hata hakuwahi kuitwa malkia mtawala wa Denmark, umalkia wake aliupata kwa kuolewa Norway, ila yule wa pili alipokalia kiti 1972 akaamua kujihesabu wa pili kwa kumheshimu bibi huyu. Kwa hiyo usishangae ukikuta vitabu vingine vinamwita malkia na vingine vinazungukazunguka tu.

Mimi nilianza kumsoma kwa kuanzia 1397, mwaka wa umoja wa falme tatu kule Kalmar, Sweden, kwa sababu ndio mwaka unaoandikwa kwa herufi kubwa kila mahali, nikasoma kurasa kama ishirini hivi nikafunga kitabu. Nilikuwa sielewi huyu Albrecht ni nani na kwa nini amekufa halafu peji mbili mbele yuko hai amefungwa jela. Kumbe Albrecht wako watatu! Kwa hiyo ushauri wangu, 1397 iache kabisa kwanza, tafuta karatasi, kalamu na ramani.

Ramani iwe ya zamani, au chukua ya leo uichoree mwenyewe. Ile pembe ya kusini ya Sweden ya leo, Skåne, pamoja na Halland na Blekinge, zamani hizo ilikuwa Denmark, kwa hiyo ukisikia Wadenmark wamekutana Lund usidhani wamevuka mpaka. Norway nayo ilikuwa na visiwa vyake, Iceland, Faroe, Shetland, Orkney mpaka Greenland, na Sweden ilikuwa na Finland. Ukishapaka rangi hizo zote ndio unaona kwamba tunaposema falme tatu tunaongelea eneo la kutisha, kutoka mpaka wa Urusi hadi kule kwenye barafu karibu na Amerika.

Sasa karatasi. Hapa ndipo sisi waswahili tuna bahati ambayo wenzetu hawana. Vitabu vya kizungu vitakuandikia binamu, mpwa, binamu wa pili, mara mtoto wa kaka wa mume wa dada, unachoka. Achana na huo mti wa ukoo wao, chora wa kwako kwa maneno ya nyumbani, unanyooka wenyewe.

Anza na baba, Mfalme Valdemar Atterdag wa Denmark. Ana mabinti wawili wa kukumbuka, Ingeborg mkubwa na Margrete mdogo. Ingeborg akaolewa Mecklenburg, kule kaskazini ya Ujerumani, na Margrete akaolewa 1363 na Haakon mfalme wa Norway, binti ana miaka kumi tu na bwana ana ishirini na kitu. Hapo tayari una kila kitu, kwa sababu kwa kiswahili Margrete ni mama mdogo wa watoto wote wa Ingeborg, na wajukuu wa Ingeborg ni wajukuu zake. Shika hilo.

Halafu kina Albrecht. Mzee, yaani babu, ni mtawala wa Mecklenburg, baba mkwe wa Ingeborg. Mtoto wake mwingine, Albrecht wa pili kwenye karatasi yako, ndiye aliyekwenda kuwa mfalme wa Sweden 1364, na mama yake ni dada wa Magnus, baba yake Haakon. Kwa hiyo ni mtoto wa shangazi wa mume wake Margrete, na hapo hapo ni kaka wa mume wa dada yake, shemeji mara mbili! Na kiti chenyewe cha Sweden alikichukua kwa nani? Kwa huyo huyo mjomba wake Magnus, baba mkwe wa Margrete. Albrecht wa tatu ni mjukuu, mtoto wa Ingeborg, kijana ambaye Margrete ni mama yake mdogo. Waandike babu, shemeji na mtoto wa dada, majina ya Albrecht futa kabisa, utanishukuru.

Ukimaliza hapo, kabla hujaingia kwenye vita, itafute barua moja. Iliandikwa kama mwaka 1370 hivi kutoka ngome ya Akershus, Oslo, Margrete ana miaka kumi na saba, mume yuko Sweden kwenye mambo yake. Anamwambia wazi wazi kwamba yeye na watumishi wake hawana chakula na vinywaji vya kutosha, watumishi wataondoka, na anamwomba amwandikie mfanyabiashara mmoja anaitwa Westfal ili aendelee kumkopesha. Malkia anaomba bwana amuwekee neno dukani! Mimi barua hii ndio ilinifanya nimpende. Mwaka huo huo mwezi wa Desemba akamzaa Oluf, mtoto wake wa pekee, hapo hapo Akershus. Wengi wanairuka wanasema ni mambo ya jikoni, ila huyu mama baadaye alikuja kuwa mkali mno kwenye mashamba, kodi na fedha, alilirudishia taji, yaani ufalme, ardhi ambazo mabwana wakubwa walishazifanya zao, kwa hiyo ukiwa umesoma barua kwanza hushangai.

Sasa fuata misiba, usifuate vita. Misiba mitatu inatosha kukufikisha.

Wa kwanza ni 1375, mzee Valdemar anafariki na hana mtoto wa kiume. Wagombea ni wajukuu wawili, yule mtoto wa dada mkubwa wa Mecklenburg na Oluf wa mdogo, ambaye hajatimiza hata miaka mitano. Kwa mila ya watu wengi mtoto wa mkubwa ndio angepewa, na Wamecklenburg walikuwa wameshaahidiwa, lakini mama mdogo akawahi, akaongea na mabwana wa Denmark, akaongea na wale wafanyabiashara wa Hansa wenye pesa, na Mei 1376 Oluf akachaguliwa mfalme, mama yake akawa anatawala kwa niaba yake. Hapa jiulize kwa nini Hansa walikubali. Hawa walikuwa umoja wa miji ya biashara, Lübeck ndio kinara wao, walishampiga Valdemar na kwa mkataba wa Stralsund wa 1370 wakawa wameshikilia ngome za Skåne kwa miaka kumi na tano, kule kwenye soko kubwa la samaki wa heringi. Hawakutaka Mecklenburg ishike Sweden na Denmark yote mawili. Na Margrete alisubiri tu, hakupigana nao, 1385 muda ukaisha ngome zikarudi.

Msiba wa pili 1380, Haakon anakufa, Oluf anarithi na Norway. Huu usipite haraka, kwa sababu ndoa hiyo ya Denmark na Norway iliyoanza hapo ilikuja kudumu mpaka 1814.

Msiba wa tatu ndio unauma. Agosti 1387 Oluf anafia ngome ya Falsterbo, ana miaka kumi na sita. Kila kitu alichokuwa nacho mama kilipita kwa huyu mtoto, kisheria hapo ilikuwa kwisha habari yake. Wiki moja baadaye tu, Lund, wakamchagua yeye mwenyewe, na kwa vile hapakuwa na neno la mwanamke anayetawala wakamtungia cheo kwamba ni bibi mwenye mamlaka kamili, bwana wa nyumba na mlezi wa ufalme wote wa Denmark. Bibi na bwana kwa wakati mmoja! Mwaka uliofuata Norway nao wakakubali.

Ukifika hapa ndio ufungue Sweden na shemeji. Usikariri tarehe nyingi, kumbuka kitu kimoja, funguo za ngome ziko mfukoni mwa nani. Sweden kulikuwa na tajiri mmoja Bo Jonsson Grip aliyekuwa anamiliki sehemu kubwa ya nchi, pamoja na Finland. Alipokufa 1386 shemeji Albrecht akataka kuzichukua mali, mabwana waliopewa kusimamia wosia wakakasirika, wakamfuata Margrete, na 1388 kwenye makubaliano ya Dalaborg wakamkabidhi. Kumbe nusu ya kazi iliisha kabla panga halijachomolewa. Vita yenyewe ilikuwa Februari 1389 huko Åsle karibu na Falköping, shemeji akakamatwa yeye na mwanae, wakawekwa ndani ngome ya Lindholm kule Skåne miaka sita.

Utakutana na hadithi kwamba Albrecht alikuwa akimwita Margrete mfalme asiye na suruali, na kwamba alimtumia kijiwe cha kunolea sindano ili akashone atulie. Ni tamu na mimi huwa naisimulia, ila isimulie kama hadithi, usiiweke kwenye mtihani.

Stockholm ndio iligoma. Wajerumani wa mjini walikaa upande wa Albrecht na maharamia wa Baltiki wakawa wanawaletea chakula kwa meli, na hao maharamia baadaye wakageuka kero kwa kila mtu. Mwaka 1395 Albrecht akaachiwa kwa sharti, alipe marki 60,000 za fedha ndani ya miaka mitatu, akishindwa Stockholm iende kwa Margrete, na Hansa wakae na mji kama dhamana. Hakulipa. 1398 mji ukakabidhiwa. Hiyo dili naipenda kuliko vita yote.

Sasa ndio urudi 1397, na utaona imekuwa nyepesi. Margrete hana mtoto, kwa hiyo alishamchukua mjukuu wa dada yake, mvulana wa Pomerania, pwani ya kusini ya Baltiki, anaitwa Bogislav, akambadilisha jina akawa Erik kwa sababu Bogislav isingekaa vizuri kwenye masikio ya watu wa kule. Kwenye karatasi yako yeye ni mjukuu tu, basi. Yaani damu ya Ingeborg aliyoizuia 1376 ndio hiyo hiyo aliyoikalisha kwenye viti vitatu, tofauti ni kwamba sasa inapitia mkononi kwake. Norway walimkubali 1389, Denmark na Sweden 1396, na Juni 1397 akavikwa taji Kalmar.

Kuna nyaraka mbili za Kalmar na watu huzichanganya. Moja ni barua ya kutawazwa, iko kwenye ngozi nzuri na mihuri 67 inaning'inia, hiyo haina ubishi. Nyingine ni barua ya umoja, ndiyo inayosema falme tatu ziwe na mfalme mmoja milele, zisaidiane vitani, kila moja ibaki na sheria zake. Hiyo imeandikwa kwenye karatasi ya kawaida, mihuri imegandamizwa juu na ni kumi tu wakati majina ni kumi na saba. Ilikuwa mkataba kamili au rasimu? Wanahistoria wanabishana zaidi ya miaka mia sasa. Mimi niko upande wa wanaosema Margrete hakuwa na haraka ya kuikamilisha, kwa sababu watu walishamuapia Erik na funguo za ngome anazo yeye, karatasi ya kumfunga mikono ya nini?

Ukichoka na siasa pumzika na Oluf feki. Mwaka 1402 akatokea mtu upande wa Prussia watu wakasema ndiye Oluf, hakufa. Wakampeleka kwa Margrete, ikaonekana hata kidenmark hajui, akachomwa moto kati ya Skanør na Falsterbo, pale pale karibu na alipofia mtoto wa kweli. Sijui mama alijisikiaje siku ile.

Na wewe uliyeko Copenhagen au Malmö usiishie kwenye kusoma, panda treni uende Roskilde, ni kama nusu saa tu kutoka Copenhagen. Margrete alifia melini bandari ya Flensburg Oktoba 1412, akazikwa Sorø, mwaka uliofuata askofu wa Roskilde akamhamishia kwenye kanisa lake. Ukiingia zunguka nyuma ya madhabahu kuu, yupo peke yake katikati, sanamu ya alabasta nyeupe imelala juu ya jeneza jeusi. Gauni la dhahabu utakaloona Roskilde linaloitwa la Margrete ni nakala, lenyewe Waswidi walilibeba kwenye vita 1659 na mpaka leo liko kanisa kuu la Uppsala.

Kalmar pia panafikika kwa treni kutoka Malmö, ila usiende ukitegemea kuona ukumbi aliokaa yeye, ile ngome ilijengwa upya sana na wafalme wa ukoo wa Vasa miaka ya 1500, ukoo ule ule uliouvunja umoja wake 1523. Ila bado imezungukwa na maji. Beba ile karatasi yako ya kina babu, shemeji na mjukuu, kaa ukingoni pale usome upya.