Kukata harufu mbaya ya kinywa ukiwa chuoni: anzia kwenye ulimi

Wanafunzi wengi wanaonijia na tatizo hili wameshatafuna peremende za kila aina. Peremende hufunika harufu kwa dakika chache tu. Mara nyingi harufu hutoka nyuma ya ulimi na katikati ya meno, ambako bakteria huvunja mabaki ya chakula na kutoa gesi za salfa.

1. Jipime. Kupumulia kiganja hakusaidii sana, kwa kuwa pua imeshaizoea harufu yako. Kwangua taratibu nyuma ya ulimi kwa kijiko safi, subiri kidogo, kisha kinuse.

2. Piga mswaki kabla ya kulala, hata kama umesoma mpaka macho yanafumba yenyewe. Mate ndiyo yanayosafisha kinywa, na usingizini hupungua sana. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi kwa dakika 2, ukiuinamisha pale jino linapokutana na fizi. Tema povu, lakini usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Asubuhi rudia. Na tafadhali, mswaki hauazimwi, hata na rafiki wa kufa na kuzikana.

3. Safisha ulimi. Hapa ndipo wengi hupasahau. Kwangua kutoka nyuma kuja mbele, mara nne au tano, ukisuuza kikwangulio kila mara. Ukisikia kichefuchefu, anzia katikati huku ukitoa pumzi polepole. Baada ya siku kadhaa utafika nyuma bila shida.

4. Pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku. Fizi zikitoa damu kidogo mwanzoni, usiache: kwa kawaida zimevimba kwa sababu ya ukoga, na damu hupungua kadiri unavyozisafisha.

5. Wakati wa mitihani, linda mate yako. Kukesha, kuruka mlo, sigara na kahawa mfululizo huzidisha harufu. Kunywa maji mara kwa mara. Chingamu isiyo na sukari nayo huamsha mate.

Ukifanya haya yote kwa wiki 2 au 3 na harufu isiondoke, muone daktari wa meno. Huenda kuna jino lililotoboka, vijiwe kwenye tonsili, au ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, ambao mswaki hauwezi kuung'oa.

Kama mwenye tatizo ni mwenzako wa chumbani, mwambie mkiwa wawili tu, kwa sauti ya upole. Wengi hawajui kabisa, na hakuna mwingine atakayewaambia.