Folda ya mtandaoni ijimaunti yenyewe kwenye Linux, hata siku ya mgao wa umeme

Kama ofisini kwenu kuna kompyuta ya Windows au kile kiboksi cha NAS ambacho kila mtu anatupia mafaili humo, na wewe unatumia Ubuntu au Linux Mint, basi kila asubuhi ni yaleyale, unafungua kidirisha cha mafaili, unaitafuta seva, unaandika paswadi ndo kazi ianze. Inafanya kazi sawa, ila folda iliyofunguliwa hivyo ipo tu ukiwa umelogini wewe, skripti ya bakapu ya usiku haiioni na kuna programu zinagoma kabisa kusevu humo.

Maelekezo mengi yatakwambia andika mstari mmoja kwenye /etc/fstab, lile faili linaloorodhesha diski na folda za kuunganisha, ili folda imauntiwe, yaani iunganishwe kwenye kompyuta yako, kompyuta ikiwaka. Kwetu huku hiyo inasumbua. Umeme ukirudi vitu vyote vinawaka kwa mpigo, kompyuta yenye SSD inafika kwenye paswadi wakati rauta bado inajikusanya na seva ndo kwanza inakagua diski zake, Linux inaita seva haipati jibu inaachana nayo, siku nzima folda iko tupu mpaka mtu aje aimaunti kwa mkono. Kwa hiyo mimi nasema usimaunti wakati wa kuwaka, acha folda ijimaunti pale mtu anapoigusa. systemd, ile programu inayoendesha huduma za Linux tangu kompyuta inapowaka, inaliweza hilo bila kuongeza kitu kingine.

Kwanza weka vifaa, halafu hakikisha seva inakujibu. Hapa natumia 192.168.1.10 kama IP ya seva na mhasibu kama jina la yuza, we badilisha uweke ya kwako:

sudo apt install cifs-utils smbclient
smbclient -L //192.168.1.10 -U mhasibu

Ukiona orodha ya folda zilizosheawa, songa mbele. Usipoiona usiguse fstab kwanza maana mara nyingi tatizo liko upande wa seva. Kwenye Windows kinachosumbua sana ni ile pini ya tarakimu nne ambayo mtu anafungulia kompyuta yake, pini haifanyi kazi kupitia mtandao, inatakiwa paswadi yenyewe ya akaunti, na wengi walishaisahau zamani. Dawa rahisi ni kufungua yuza mpya wa kawaida kwenye ile Windows, mpe paswadi yake, mruhusu kwenye folda hiyo tu, basi.

Na IP ya seva isiwe inabadilikabadilika. Ingia kwenye rauta uifungie seva namba yake, la sivyo siku rauta ikigawa IP upya kila kitu kinakatika na utaanza kuilaumu Linux bure.

Sasa paswadi. Usiiandike ndani ya fstab kwa sababu faili lile kila yuza anaweza kulisoma. Itengenezee faili lake:

sudo nano /etc/samba-ofisi

Ndani weka mistari miwili, bila nafasi pembeni ya alama ya =

username=mhasibu
password=paswadi_yako

Halafu lifunge asilisome mwingine zaidi ya root (yuza mkuu wa Linux), na utengeneze folda ya kumauntia:

sudo chmod 600 /etc/samba-ofisi
sudo mkdir -p /mnt/ofisi

Jina la folda liwe fupi, bila nafasi wala kistari, utaona faida yake mbele. Fungua fstab kwa sudo nano /etc/fstab na mwisho kabisa ongeza huu, wote ni mstari mmoja hata kama kwenye skrini yako umekatika (Ofisi ni jina la folda iliyosheawa kule kwenye seva, weka la kwako):

//192.168.1.10/Ofisi /mnt/ofisi cifs credentials=/etc/samba-ofisi,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=60,x-systemd.mount-timeout=15 0 0

x-systemd.automount ndo roho ya jambo lote, hiyo ndo inayosubiri mtu aguse folda. idle-timeout=60 inaiachia folda ikikaa sekunde 60 haijatumika, na mount-timeout=15 inazuia kompyuta kuganda muda mrefu kama seva imezimwa. nofail inaiambia Linux iendelee kuwaka hata folda isipopatikana. uid na gid usizisahau, bila hizo mafaili yanaonekana ni ya root, unayasoma vizuri ila ukitaka kusevu unakataliwa. Namba yako utaipata kwa kuandika id, yuza wa kwanza kwenye Ubuntu huwa ni 1000. Na kama folda kule kwenye seva ina nafasi kwenye jina, mfano Kazi Zangu, kwenye fstab inaandikwa Kazi\040Zangu.

Kisha:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl start mnt-ofisi.automount
ls /mnt/ofisi

Umeona jina mnt-ofisi limetoka wapi, ni njia ya folda na mkwaju (/) umegeuzwa kistari, ndo maana nilisema usiweke kistari kwenye jina. Hiyo ls ya kwanza inaweza kuchelewa kidogo, kawaida, ndo inamaunti. Ukiwasha upya kompyuta huna haja ya kurudia chochote.

Ikigoma angalia namba ya kosa kwa sudo dmesg | tail. 13 ni jina au paswadi, au yuza hajaruhusiwa kwenye folda. 115 mara nyingi seva haifikiki, angalia IP na fayawoli kwenye poti 445. 112 inasema seva imezima hata kama unaiona inawaka mbele yako, hiyo huwa ni NAS ya zamani inayojua SMB1 peke yake (toleo la zamani la SMB, ile lugha ya kushea mafaili ya Windows), na Linux iliacha kuitumia SMB1 bila kuambiwa kuanzia kernel (kiini cha Linux) 4.13 ya 2017, mwaka uleule wa shambulio la WannaCry lililopitia SMB1. Ukiongeza vers=1.0 kwenye ule mstari itakubali, lakini kwanza tafuta apdeti ya hiyo NAS, SMB1 ni mlango wazi.

Kuna mtego mwingine kwa walioanza na fstab ya kawaida. Siku ambayo seva haikupatikana, /mnt/ofisi ilikuwa folda tupu ya kwenye diski yako, na bakapu inayoendeshwa na root ilijaza mafaili humohumo. Seva iliporudi ikamauntiwa juu yake, mafaili yakafichwa chini, diski inajaa na huoni kinachojaza. Simamisha kwanza kwa sudo systemctl stop mnt-ofisi.automount, kisha sudo umount /mnt/ofisi kama bado imemauntiwa, halafu chungulia humo, ukikuta kitu kihamishe. Ikishakuwa tupu ifunge isiandikwe tena na yeyote, hata root:

sudo chattr +i /mnt/ofisi

Kumaunti juu yake kutaendelea kama kawaida. Ukimaliza washa tena ule mnt-ofisi.automount.