Kumtambua pora na tembe kwa unyoya wa kiuno

Jirani yangu hapa Ipuli, Tabora, amenionyesha jambo linalofaa kufahamika kabla hujachinja au kuuza kuku ambao hawajakomaa. Kuku wa kienyeji wakifikisha wiki 10 hadi 14, mkamate mmoja mmoja jioni wakiwa bandani, kisha upekue manyoya ya kiunoni, yaani yale yanayoangukia pande mbili za mgongo karibu na mkia. Unyoya wa pora, yaani jogoo mchanga, ni mrefu, mwembamba, unang'aa, na ncha yake imechongoka kama ya mkuki. Wa tembe, yaani jike ambaye hajaanza kutaga, ni mpana na ncha yake ni ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. Tofauti hiyo hutokana na homoni ya estrojeni, ambayo huufanya unyoya wa jike uwe wa mviringo. Ikikosekana, unyoya huchongoka, na ndiyo maana hata jogoo aliyehasiwa hubaki na manyoya ya kijogoo. Shingo nayo hutoa dalili hiyohiyo, ila kwa kuku wa kishingo, wasio na manyoya shingoni, hakuna cha kutazama hapo, basi tegemea kiuno. Usiitumie njia hii kabla ya wiki 8, kwani manyoya ya utotoni hayajaachana kwa umbo. Kupima vifaranga wa siku moja kwa urefu wa manyoya ya bawa hufaa tu kwa mbegu zilizochanganywa makusudi kwa ajili hiyo. Kwa kuku wetu wa kienyeji kutakupotosha, na mimi mwenyewe niliuza tembe wazuri nikiwadhania majogoo.