Mahindi Yakifika Kinuni: Kagua Mzigo Kabla Haujawa Unga

Lori la mahindi likitoka soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, na kuegesha Manzese, Dar es Salaam, alfajiri, kila kitu humsukuma mwenye kinu akubali mzigo. Dereva anataka kugeuza, makuli wamekwisha kupanda juu, dalali hakatiki kwenye simu, na wateja wa sembe wameanza kuulizia. Nusu saa hiyo ya kupokea mzigo ina uzito kuliko kazi yoyote itakayofanyika ndani ya kinu baadaye. Mashine husaga kilicholetwa, na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, haiishi kwa moto wa ugali wala kwa kuanika mahindi upya. Kuanika humzuia kuvu asiendelee kuitengeneza. Ile iliyokwisha kutengenezwa inabaki.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na katika hizo aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Ni kiasi kidogo mno, lakini kina sababu. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafariki. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hadondoki siku moja. Madhara yake ni ini, na kwa watoto hatari huanza mapema kwa sababu uji wa mahindi ndio chakula chao cha kila asubuhi.

Ugomvi umalizwe kabla ya kupakia

Mizozo mingi getini hutokea kwa sababu fedha imeshatumwa kwa simu na hakuna kilichosemwa kuhusu ubora. Mwandikie muuzaji ujumbe mfupi kabla hajapakia: mzigo utapimwa unyevu ukiwa bado juu ya lori, ukizidi 13.5 unarudi au bei inashuka kwa hesabu mliyokubaliana, na malipo ya mwisho yanatoka baada ya sampuli. Ujumbe ukibaki kwenye simu zote mbili, dalali hana pa kushikia.

Bei ya maji mnayoijadili si ndogo. Tani 30 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 16, ukizikausha mpaka 13.5, zinabaki tani 29 na kilo 130 hivi. Umepoteza karibu kilo 870, yaani karibu magunia tisa ya kilo mia, na hapo hujahesabu turubai wala vibarua wa kuanika.

Lori nalo likaguliwe. Uliza lilibeba nini safari iliyopita. Mbolea, viuatilifu na saruji huacha vumbi kwenye nyufa za sakafu, na magunia ya chini ndiyo yanayolala juu yake. Tazama turubai lina matundu mangapi. Gunia lenye alama ya maji iliyokauka ubavuni litengwe hata kama kwa mkono ni kavu, maana mvua iliyolinyeshea njiani imekwisha kumpa kuvu siku mbili tatu za kazi. Mifuko iliyowahi kubeba mbolea au dawa, hata ikifuliwa, isipokelewe.

Unyevu: jino halitoshi

Wazoefu huuma punje, au humimina kiganjani wasikilize inavyolia. Ni njia nzuri ya kujua mahindi mabichi kabisa. Tofauti ya 13 na 15 jino haliioni, na kwenye tofauti hiyo ndipo hasara ilipo. Nunua kipima unyevu, na kila msimu ukilinganishe na cha maabara au cha ghala linalotambulika, kwa kuwa betri ikichoka hutoa namba za kufurahisha.

Kama bado huna, chupa ya kioo na chumvi vinasaidia. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, tia mahindi gramu 250 hadi 300 na chumvi gramu 20 hadi 30, funga, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo huo haufai kuingia stoo. Isipoganda, usishangilie mapema: kipimo hiki hakikuambii kama uko 13.5 au 14.5. Halafu chumvi ya Dar es Salaam yenyewe huwa imelowa kwa hewa ya bahari. Ikaushe kwanza kwenye kikaango, ipoe, ndipo uitumie. Vinginevyo utakataa mahindi mazuri ya watu.

Sampuli ndiyo inayodanganya

Hapa ndipo wengi, hata wenye vifaa vya kisasa, wanapokosea. Sumukuvu haijasambaa sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Imejificha kwenye punje chache. Tuseme punje moja iliyovunda ina mikrogramu 20,000 kwa kilo, kiwango ambacho punje mbovu inaweza kukifikia na hata kukipita. Punje ina uzito wa gramu 0.35 hivi, kwa hiyo imebeba mikrogramu 7. Ikitumbukia kwenye kilo moja ya mahindi safi, kilo hiyo inasoma 7 kwa jumla na inakubaliwa chini ya kikomo cha 10. Zikitumbukia mbili, inasoma 14 na inakataliwa. Kilo moja ina punje karibu 2,900. Ukichota kiganja kimoja mdomoni mwa gunia, umepima bahati yako.

Kwa lori la magunia 300, chukua sampuli kwenye magunia yasiyopungua 18. Ndiyo kanuni ya kipeuo cha pili cha idadi ya magunia, kwa mizigo inayozidi 100. Kuanzia magunia 10 hadi 100, chagua 10 bila mpangilio. Chini ya hapo, choma yote. Ya pembeni na ya juu unayafikia lori likiwa limefungwa, na hayo yatumie kupima unyevu kabla makuli hawajashusha hata gunia moja. Ya katikati huyafikii mpaka mzigo ushuke, kwa hiyo mweke mtu mlangoni na bambo, chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutolea punje, na kila gunia la kumi na sita lichomwe linapopita. Asichague yeye, wala asichaguliwe na mwenye mzigo. Namba ndiyo ichague.

Bambo liingie mdomo ukitazama chini, lifike katikati ya gunia, kisha lizungushwe ndipo punje zianguke ndani. Ukilichoma mdomo ukiwa juu, linajaa punje za ukingoni na hayo ya kati huyaoni. Choma mara tatu kila gunia, juu, kati na chini, gramu mia mia hivi. Magunia 18 yatakupa kilo tano na ushei.

Zimwage kwenye turubai safi, changanya, fanya kichuguu, kitandaze, kigawe robo nne. Robo mbili zinazotazamana ziwe za kupima, mbili zilizobaki ziwe ushahidi: ziweke kwenye mfuko wa khaki, andika tarehe na namba ya lori, muuzaji atie sahihi, zikae pakavu mpaka unga wa mzigo huo uishe sokoni. Fungu la kupima lisagwe lote kabla ya kuchota kile kidogo kinachohitajika kwenye kipimo cha utepe au maabara. Kuchota punje gramu 50 ndipo uzisage ni kurudi kwenye kamari ileile. Na kinu kidogo cha sampuli kisafishwe kwa kusaga kwanza mahindi kidogo ya mzigo huohuo na kuyatupa, la sivyo vumbi la mzigo wa jana litaingia kwenye jibu la leo.

Mzigo ukifeli, kuna ushauri utakaousikia: changanya na mahindi mazuri, yatapungua makali. Usifanye. Hutapata mchanganyiko uliolingana kwa koleo, na mahindi uliyokuwa na uhakika nayo yatakuwa ya mashaka.

Stoo ya pwani ina tabia yake

Mahindi hunywa maji ya hewani. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 70, hutulia karibu na 13.5, ikifika 80 na kukaa hapo, hupanda mpaka 15 na zaidi, bila tone la mvua kuingia. Wakati wa masika, stoo ya Tandale iliyo wazi mchana na usiku hufanya kazi hiyo kimyakimya. Fungua madirisha kwenye jua la mchana, funga jioni na asubuhi ya ukungu. Panga magunia juu ya chaga, mwache mtu apite kati ya rundo na ukuta, na pima unyevu wa magunia ya ndani kila wiki. Kwa mzigo wa kukaa miezi, mifuko isiyopitisha hewa inafaa, mradi mahindi yaingie yakiwa makavu. Nayo huua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima pumzi. Vidonge vya kufukizia aviweke fundi mwenye kibali, kamwe si kwenye stoo inayopakana na chumba cha kulala. Gesi yake inaua watu.

Pumba, na namba ya mzigo

Kukoboa hupunguza sumukuvu kwenye sembe kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Dona haina faida hiyo, kwa hiyo mahindi ya dona yawe yale yaliyofanya vizuri zaidi kwenye kipimo. Lakini kilichoondoka kwenye sembe hakikupotea: kimehamia kwenye pumba, na pumba zinauzwa kwa wafuga kuku na ng'ombe wa hapahapa mjini. Vifaranga hudumaa na bata hufa upesi. Ng'ombe huirudisha kwenye maziwa. Pima pumba kama unavyopima unga.

Unga ukitoka kwenye nyundo za kinu una joto. Uache upoe kabla ya kufunga kiroba, maana hutoa jasho ndani na uvundo huanzia hapo.

Kila lori lipewe namba yake, na namba hiyo ifuate mzigo mpaka kwenye kiroba. Daftari la mistari latosha: tarehe, muuzaji na alikonunua, namba ya gari, magunia, unyevu, jibu la sumukuvu, siku ya kusaga, na duka lililochukua unga pamoja na simu yake. Mkaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye jukumu la usalama wa chakula tangu 2019, atataka kuliona. Jaribu siku moja bila kumwambia karani: chukua kiroba dukani, mpe namba, hesabu dakika anazotumia kukutajia lori na maduka yote yaliyopata unga wa mzigo ule. Akipita saa mbili, daftari lina pengo, na mara nyingi pengo liko siku mlipomalizia magunia ya lori moja na kuanza la pili bila kusimamisha mashine.